Kijazo Kilichoshika Bila Kuziba: Uchambuzi wa Kisa cha Gego Moja

Kipande kilikuwa kimeviringishwa ndani ya tishu, na tishu imo ndani ya kikasha cha hereni. Mgonjwa, mama wa miaka 40 na ushei, alikifungua mezani kwangu kama mtu anayerudisha bidhaa mbovu kwa aliyemuuzia. "Daktari, kimetoka chote. Nimekidaka kabla sijakimeza." Kilikuwa kijazo cha kompoziti, ile resini ya rangi ya jino, nilichokuwa nimekiweka mwenyewe miezi 14 kabla ya siku hiyo. Na mimi nilikuwa wa pili kulijaza gego hilo. Kazi ya aliyenitangulia ilidumu miezi 8.

Nilimshukuru kwa kukileta. Wengi hukitupa au hukimeza pamoja na chakula, na ushahidi wote ukaenda nacho. Kijazo kilichong'oka kizima kina mgongo wake, yaani upande uliokuwa umegusana na jino, na mgongo huo husema ni wapi palipoachia. Nilikiweka chini ya lenzi ya kukuza mara 4 huku mama akiendelea kunisimulia alivyokuwa akitafuna.

Jino lenyewe ni gego la kwanza la chini kushoto, lililooza upande wa nyuma linapopakana na gego la pili. Tundu lilikuwa na umbo la sanduku lililokosa ukuta mmoja: kuna ukuta wa upande wa shavu, ukuta wa upande wa ulimi, ukuta wa ndani ulioelekea kwenye kiini, ile sehemu laini ya katikati ya jino yenye neva, na sakafu. Sakafu ndiyo yenye maneno. Uozo ulikuwa umeteremka hadi takriban milimita 1 chini ya ufizi, kupita pale enameli, gamba gumu la nje la jino, inapokomea. Kuta mbili za pembeni zilikuwa na ukingo wa enameli safi. Sakafu haikuwa nayo hata chembe. Ukingo wake ulikuwa dentini, tishu iliyo chini ya enameli, na utando mwembamba wa mzizi tu.

Sasa mgongo wa kijazo. Pande mbili zilizokuwa zimelala kwenye enameli zilikuwa zimefifia, zina mikwaruzo, na ule wa upande wa ulimi ulikuwa umeondoka na vigae vidogo vyeupe vya enameli vilivyonasa kwenye resini. Hapo gundi haikuachia. Jino ndilo lililovunjika kwanza. Sakafu, kinyume chake, iling'aa kama kioo. Na kuanzia ukingo wake wa chini, doa la kahawia lilikuwa limetambaa hadi kufunika theluthi ya sakafu hiyo.

Doa lilinikera kuliko kung'oka kwenyewe. Rangi haiingii chini ya kijazo kwa siku moja. Maana yake ni kwamba sakafu ilikuwa imeachia miezi mingi kabla, mate na bakteria wakapata njia, na muda wote huo kuta mbili za enameli ziliendelea kubeba mzigo wa sakafu isiyoshika. Katika ukaguzi wa miezi 6 nilipapasa kingo kwa sindano ya uchunguzi, nikakikuta kimetulia, nikaandika kwenye faili kwamba kiko imara. Kweli kilikuwa imara. Kilikuwa kimeshika bila kuziba, na mimi nilikuwa nimepima kushika tu.

Ili ieleweke kwa nini sanduku moja, gundi moja na mkono mmoja vilizaa matokeo mawili yaliyo kinyume, lazima nisimame kidogo kwenye hizo tishu mbili za jino.

Enameli ni madini kwa takriban asilimia 96 ya uzito wake. Ipake asidi ya fosforiki ya asilimia 37 kwa sekunde 15 hadi 30, ioshe, ikaushe, itageuka nyeupe kama chaki. Asidi imekula vichwa vya fito zake na kuacha vishimo visivyohesabika. Resini nyepesi huingia humo, hugandishwa kwa taa, na kujing'ang'aniza. Michael Buonocore alilionyesha hili mwaka 1955, akiazima wazo kutoka viwandani ambako asidi hiyo ilitumika kuandaa chuma ili rangi ishike. Yeye alitumia asidi ya asilimia 85 kwa sekunde 30. Tumepunguza ukali, lakini kiini cha jambo hakijabadilika. Enameli inasamehe sana: hata fundi mzembe kidogo hupata mshiko wa kutosha juu yake, ili mradi imekauka.

Dentini haina ukarimu huo. Madini ni kama asilimia 70 ya uzito wake. Kinachobaki ni kolajeni, protini ya nyuzinyuzi, kwa sehemu kubwa, na maji. Imetobolewa na mirija makumi ya maelfu kwa kila milimita mraba, inayozidi kusongamana na kupanuka kadiri unavyokaribia kiini, na ndani ya mirija hiyo maji husukumwa kutoka ndani kuja nje. Kwa hiyo unajaribu kubandika kitu juu ya sakafu inayotoa jasho. Asidi ikishaondoa madini, juu hubaki wavu wa nyuzi za kolajeni zilizoshikiliwa wima na maji peke yake. Gundi inatakiwa ipenye katikati ya nyuzi hizo, ichukue nafasi ya maji, kisha igande humo humo. Matokeo yake ni tabaka mseto, nusu jino nusu resini, lenye unene wa mikromita chache tu, ambalo Nobuo Nakabayashi na wenzake walilieleza mwaka 1982. Hesabu miaka: 27 baada ya Buonocore. Enameli ilikuwa imekwisha kukubali gundi muda mrefu wakati dentini bado inabishana nasi.

Ukiukausha wavu huo kupita kiasi, nyuzi huanguka na kulaliana, kama nywele ndefu zinavyokuwa: ndani ya maji zimetawanyika, zikitolewa zimegandana kichwani. Gundi haipenyi tena. Inakaa juu, inaganda vizuri tu juu, na inashikana vizuri tu na kompoziti itakayofuata. Ukiing'oa, mgongo wake unang'aa.

Nilirudi kwenye faili. Huwa naandika hatua kwa hatua, tabia niliyoichukia nilipofundishwa na ambayo siku hiyo niliiheshimu. Nilikuwa nimetenga jino kwa vipande vya pamba kwa sababu mama alisema ule mpira wenye tundu, unaotandazwa kinywani ili jino lijitokeze peke yake, unambana pumzi. Nilikubali haraka mno. Ufizi ulitoka damu kidogo nikaupaka dawa ya kuizuia. Asidi sekunde 15 kila mahali, kuosha, kukausha "mpaka enameli iwe nyeupe". Halafu gundi ya chupa moja, ya aina inayotanguliwa na asidi, yenye asetoni.

Hayo maneno niliyoyatia alama ya kunukuu ndiyo niliyoyasoma mara 3. Weupe wa chaki ni dalili ya enameli iliyotayarishwa, na kila mwanafunzi hufundishwa kuutafuta. Lakini ndani ya sanduku la milimita 4, bomba la hewa halichagui. Hewa iliyoipa enameli weupe niliotaka ndiyo iliyoangusha kolajeni ya sakafu. Na nilichagua gundi isiyoweza kunisamehe: asetoni hufukuza maji kwa kasi na gundi yenyewe haikuwa na maji ya kuuinua wavu ulioanguka. Gundi zenye maji ndani yake huweza kuzinyanyua nyuzi kwa kiasi fulani. Hii yangu ilihitaji dentini yenye unyevu wa kumetameta, na niliipa dentini kavu.

Sikutaka kujihukumu kwa kosa moja kabla ya kuwahoji watuhumiwa wengine, maana mtu akishapata jibu linalomridhisha huacha kutafuta.

Wa kwanza ni mafuta ya karafuu. Baada ya kijazo cha kwanza kung'oka, na kabla hajaja kwangu, mama alikaa wiki 3 na saruji ya muda iliyochanganywa na yujenoli, kiini cha mafuta hayo. Yujenoli hukamata chembechembe huru ambazo resini inazihitaji ili igande, kwa hiyo ina sifa mbaya miongoni mwetu. Nafikiri sifa hiyo imekuzwa. Nilikuwa nimekwangua sakafu yote hadi dentini mpya, na asidi pamoja na maji huondoa sehemu kubwa ya mabaki. Zaidi ya hapo, resini iliyoharibiwa na yujenoli hubaki laini. Nilikwaruza ile sakafu ya kioo kwa ncha ya chuma: ngumu. Nikamwachia.

Wa pili ni taa, na huyu nilimshuku kwa dhati. Resini nyingi hugandishwa na mwanga wa bluu unaoamsha kamforkwinoni, ambayo hufyonza zaidi karibu na nanomita 470. Sakafu ya sanduku la nyuma iko mbali na ncha ya taa, milimita 6 au zaidi, na kila milimita inakula nguvu. Vilele vya jino hutia kivuli, mkono huchoka na kupinda, na mara nyingi ncha ya taa huwa na ukoko wa kompoziti ya mgonjwa wa jana. Yangu ilikuwa nao, nakiri. Hata hivyo ugumu ule ule uliomwachia yujenoli ulimpunguzia na huyu mashtaka. Kama sakafu ingekuwa haijaiva, gundi ingeacha masalia laini yanayonata, nusu kwenye jino na nusu kwenye kijazo. Mpasuko ulipita kwenye mpaka wa dentini na gundi, safi, bila mabaki. Kosa lilitokea kabla taa haijawashwa.

Kusinyaa kwa resini hakuwezi kusahauliwa. Kompoziti ikiganda hupungua ujazo, kwa kawaida kati ya asilimia 2 na 5 kwa zile za kawaida, na inapopungua huvuta kuta zote ilizobandikwa. Kadiri nyuso zilizobandikwa zinavyokuwa nyingi kuliko zilizo huru, ndivyo mvutano unavyopanda. Tundu la uso wa kutafunia lenye kuta 4 na sakafu lina uwiano wa 5 kwa 1, sanduku kama hili liko chini ya hapo. Mvutano huo huenda ukatafuta mahali dhaifu. Ukuta wa enameli ulivumilia, sakafu ikaachia. Kwa hiyo kusinyaa alikuwa mvutaji, lakini aliyeuacha mlango bila komeo ni mwingine.

Anabaki ufizi, na damu yake, na dawa niliyoizuia nayo. Hapa siwezi kuachilia wala kutia hatiani kwa uhakika. Protini za mate na damu zikitua juu ya dentini iliyokwisha kupakwa asidi, hufunika vinyweleo ambavyo gundi inavitafuta. Mabaki ya dawa za kuzuia damu hufanya vivyo hivyo. Ukingo wa chini ndio ulio karibu zaidi na ufizi, na doa lilianzia huko huko. Lakini mng'ao ulifunika sakafu nzima, hadi kona ya ndani kabisa ambako tone la damu halikufika. Uchafuzi wa ukingo ungeacha mng'ao wa ukingo. Ukavu huenea kila mahali. Hukumu yangu basi: ukavu ulidhoofisha sakafu yote, unyevu wa ufizi ukaufungua ukingo. Inachekesha kidogo kwamba jino moja liliharibiwa na ukavu na unyevu kwa wakati mmoja, lakini ndivyo dentini ilivyo.

Kuna dalili niliyoipuuza mapema. Wiki 2 baada ya kujaza, mama alirudi akilalamika maji baridi yanamchoma, na akitafuna kisha akiachia, kuna mchomo wa ghafla. Nilimwambia itapita. Ikapita kweli baada ya wiki 5 au 6, nami nikaihesabu kama ushindi. Kwa maelezo aliyoyajenga Martin Brännström, maumivu ya namna hiyo hutokana na maji ya mirija kusogea ghafla. Baridi huyavuta, na kijazo kinachopwaya kidogo juu ya sakafu huyasukuma kila unapotafuna. Mchomo wakati wa kuachia ulikuwa unaniambia pana uwazi chini. Baadaye jino hujilinda, mirija hujaa madini, maumivu yanakoma, na uwazi unabaki pale pale. Mgonjwa anayesema "sasa haiumi" hajathibitisha kwamba kijazo kimeziba.

Eksirei niliyopiga siku hiyo ilionyesha kivuli chembamba cha uozo mpya chini ya ilipokuwa sakafu, kiini kikiwa salama. Kutoka ukingo hadi mfupa kulikuwa na takriban milimita 3, nafasi ya kutosha kuinua ukingo bila kukata ufizi. Nilimweleza mama nilichokiona, pamoja na sehemu yangu ndani yake. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo safari hii huo mpira nitauvumilia?" Nikamwambia ndiyo, nitamwachia nafasi ya kupumulia puani na tutasimama kila atakaponyanyua mkono. Aliunyanyua mara 2.

Tulifanya hivi. Ganzi, mpira, kabari ya mbao iliyosukuma mpira chini ya ukingo mpaka sakafu yote ikaonekana. Niliondoa dentini iliyolainika, nikaacha ile ngumu iliyobadilika rangi karibu na kiini, nikijua kwamba dentini iliyowahi kuguswa na uozo hushika gundi kidogo kuliko dentini nzima. Kwenye kingo pawe dentini nzima. Katikati naweza kuvumilia. Ukanda wa chuma ulibana ukingo wa chini bila kuacha mwanya.

Badiliko kubwa lilikuwa kuzitenganisha tishu mbili. Asidi ya fosforiki niliiweka kwenye kingo za enameli peke yake, kwa sirinji ya ncha nyembamba, sekunde 20, nikaosha. Dentini sikuigusa nayo. Kwa dentini nilitumia gundi ya chupa 2 inayojitayarishia njia yenyewe: ya kwanza ina maji na molekuli iitwayo 10-MDP, yenye asidi hafifu inayoondoa madini kidogo tu na wakati huo huo kushikana kikemia na kalsiamu iliyobaki. Hakuna kuosha, hakuna wavu ulioachwa uchi, na swali la "unyevu kiasi gani" linapungua uzito. Niliisugua kwa brashi sekunde 20 nikihesabu kwa sauti, nikaipuliza taratibu mpaka ikaacha kutembea kama wimbi, ishara kwamba kiyeyushi kimeondoka. Halafu chupa ya pili, resini tupu isiyo na kiyeyushi, ikawashiwa taa iliyosafishwa ncha.

Baada ya hapo tabaka la kompoziti nyepesi la nusu milimita sakafuni, linyumbuke kidogo linapovutwa, kisha kompoziti nzito vipande vya chini ya milimita 2, kila kimoja kimeegemezwa ukuta mmoja kwa mshazari ili kisiunganishe kuta mbili zinazotazamana kwa mpigo mmoja. Sekunde 20 kila kipande. Ukanda ulipotoka niliwasha tena kutoka shavuni na kutoka ulimini, kwa sababu chuma kilikuwa kimeukinga mwanga.

Wenzangu kadhaa niliowaonyesha kisa hiki wangeweka sakafuni saruji ya glasi ionoma iliyoongezwa resini, ambayo hushikana na kalsiamu, huvumilia unyevu na hutoa floridi, kisha kompoziti juu yake. Sina ugomvi nao. Kama mpira ungeshindikana, ningefanya hivyo bila kusita. Aliyenipinga kwa hoja ya nambari ndiye sikukubaliana naye. Aliniletea jedwali la gundi zilizopimwa maabara, hii megapaskali 30 (kipimo cha nguvu ya mshiko), ile 45, kana kwamba tunachagua kamba ya kuvutia gari. Vipimo hivyo hutegemea sana njia. Tangu Hidehiko Sano na wenzake walipoanza mwaka 1994 kuvuta vijiti vyenye uso mdogo sana, nambari zilipanda kwa sababu uso mdogo una kasoro chache, si kwa sababu gundi ziliboreka usiku mmoja. Na meno ya maabara hayatoi jasho, hayana ulimi wala ufizi. Gundi yangu ya asetoni ina nambari nzuri katika jedwali hilo.

Kinachonifanya nisitangaze ushindi ni wakati. Tabaka mseto huzeeka. Maji huingia taratibu kwenye resini, na kolajeni yoyote iliyobaki bila kufunikwa huliwa na vimeng'enya vilivyomo ndani ya dentini yenyewe, vilivyolala tangu jino lilipokuwa likijengwa na kuamshwa na asidi. Gundi zenye asidi hafifu, zinazofunua kolajeni kidogo, humwacha adui huyo na chakula kidogo, basi, hazimuui.

Imepita miaka 2. Hakukuwa na mchomo wa baridi hata siku ya kwanza. Kila mwaka napiga eksirei ya pembeni ya eneo hilo tu, na kufikia sasa mstari wa sakafu haujaonyesha kivuli. Ukingo wa upande wa ulimi umebadilika rangi kwa urefu wa milimita 1 hivi; hapo ni enameli, naweza kupaona, nilipang'arisha nikapaacha. Sakafu sioni kwa macho wala siipati kwa sindano ya uchunguzi, kwa hiyo mama ameandikiwa picha nyingine baada ya miezi 12, hata kama jino halitauma.